Nyamizi na Moyo Uliodhoofu Baada ya Uzazi

Asubuhi, kijijini Mwamapalala, Usukumani. Nyamizi ameketi kwenye turubai, miguu kainyoosha, anachambua pamba: safi huku, fifi yenye madoa kule. Mwaka huu wa 1996 wanunuzi binafsi wanagombania mzigo, na wakala mmoja amempa kibarua hiki cha kukaa.

"Mwangaluka," ananisalimu, kisha anavuta pumzi kabla ya kuendelea. Ana miaka ishirini na sita tu.

Mwaka jana jembe lilikuwa lake. Hapa watu hulima kwa kikundi, kwa ngoma, na anayebaki nyuma huimbwa mpaka aone aibu. Mwimbishaji hachagui ndugu. Na mwimbishaji wa kikundi chao ni Masunga, mumewe.

Wiki chache baada ya kumzaa binti yao Milembe, Nyamizi alirudi shambani akihema, miguu imevimba. Akabaki nyuma. Masunga akamwimba: mke wangu kazaa uvivu!

"Watu walicheka, nami nikacheka," anasema Nyamizi. "Ningesema naumwa, wangeona najitetea. Nikajikaza mpaka nikaanguka."

Jamani! Masunga, aliyeketi karibu, anatazama chini. "Siku ile niliimba vizuri kweli," anasema. "Ndicho kinachoniuma."

Kijijini walisema karogwa. Hospitalini, Dk. Salvatory alikuta misuli ya moyo imedhoofu na moyo wenyewe umetanuka.

"Mara nyingi chanzo hatukijui," anasema daktari. "Kwa wengine ni virusi, pombe, au ugonjwa wa ukoo. Kwake ulikuja na uzazi. Wapo ambao moyo wao hurudiwa na nguvu kwa dawa, wapo wanaobaki dhaifu, na wapo tunaowapoteza. Ila mimba nyingine inaweza kumuua."

Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, na mtoto ni mmoja tu. Mama mkwe, Kabula, hafichi kwamba anataka wajukuu wengine.

"Namwelewa," anasema Nyamizi. "Hata mimi nilitaka watoto wengi. Lakini nitamwachia nani huyu mmoja?"

Dawa anameza kila siku, na uvimbe umepungua. Anachopanga ni kumpeleka Milembe darasa la kwanza, yeye mwenyewe, kwa miguu. Masunga naye amemsindikiza kliniki ya uzazi wa mpango, wanaume wenzake wakamcheka weee.

Mwezi uliopita Kabula alimwita mwanawe pembeni. Alimwambia huyu amekwisha, atafute mke mwingine.

"Nikamwambia, 'Mayu, mama yangu, nitafute wa nini? Mke ninaye,'" anasema Masunga.