Haimpigii Mtu Magoti

Kuna watu ukiwapa kuku wanamnyonyoa kwanza, ndipo wanauliza kama alikuwa anataga. Bosi wangu wa Tunduma alikuwa wa aina hiyo. Hakuwahi kununua kitu akakiacha kama kilivyotoka kwa mwenyewe. Kitanda chake kilifungwa taa za breki. Gari lake dogo lilipiga honi ya meli, na yeye meli aliiona kwenye kalenda. Akikusifia shati ujue kesho atakushauri ulikate mikono.

Sisi tulikuwa mafundi wa faiba. Malori yaliyopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia yalituletea madigadi yaliyopasuka, bampa zilizogonga ng'ombe, na zile kofia kubwa za kukinga upepo juu ya kebini. Tunakata kitambaa cha faiba, tunakoroga rezini na hadina ya kuigandisha, tunapaka, tunabandika, kikikauka tunapiga msasa. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kazi ile niliipenda kama wengine wanavyopenda kwaya. Unashika kitambaa laini kama shashi, unakunywa chai, ukirudi kimekuwa gamba la kobe. Sasa kijana mwenye akili zake asiote ndoto hapo ataotea wapi?

Ndoto ikaja juu ya lori. Mzungu mmoja mkulima wa upande wa pili alikuwa anafungasha kurudi kwao, akamuuzia bosi jenereta, mabirika ya kunyweshea nguruwe, na ndege. Ndege yenyewe ilikuwa haijaisha: mwili, mabawa, vioo, magurudumu, na bunda la michoro. Yote ya faiba! Mzungu alikuwa anaijenga mwenyewe ghalani kwake. Nilipoigusa ubavu nilitaka kulia. Ilikuwa nyepesi kama kikapu, na haikuwa na unyoya wa faiba uliochomoza wala kipovu cha hewa hata kimoja.

Ila umbo lake lilikuwa kichekesho. Kibawa kidogo kiko mbele, puani. Bawa kubwa liko nyuma. Injini na pangaboi lake nyuma kabisa, kwa hiyo inasukumwa badala ya kuvutwa. Viti viwili vimefuatana kama vya pikipiki. Watu wa Tunduma, ambao tangu kuumbwa hawajakosa la kusema, walijaa mlangoni.

"Oya, mbona mmeifunga kinyume?"

"Siyo kinyume. Hii ni ya kumkimbia mke. Unaondoka huku unamwangalia."

Kisha mama mmoja wa Kizambia aliyekuwa akiuza vitenge akauliza swali lililokuja kutuharibia kila kitu. "Ba bosi, mukwai, ndeke yenu inamsalimia nani?"

Kwa sababu ndege ilikuwa imepiga magoti. Ndivyo ilivyochorwa. Mguu wa mbele unakunjwa, pua inagusa chini, mkia unabaki juu. Uzito wa injini uko nyuma, kwa hiyo bila rubani kwenye kiti cha mbele ukiisimamisha itaanguka kitako na kuvunja pangaboi. Rubani akishapanda, inanyanyuliwa pua, mguu unakunjuliwa, safari. Michoro ilikuwa ya Kiingereza, lakini ukurasa huo haukuhitaji Kiingereza: picha ya ndege iliyokaa kitako, na juu yake msalaba mwekundu. Pembeni picha nyingine, ndege yenye mzigo mwingi mkiani iko angani inaporomoka kama gunia. Nayo msalaba mwekundu. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Bosi alielewa kitu kingine. Kwetu kijana akikutana na mkubwa anachuchumaa, mwanamke anapiga magoti, mikono inapigwa makofi polepole. Kupiga magoti ni adabu ya mdogo. Na bosi tangu apate malori mawili hakuwa mdogo wa mtu.

"Ndege yangu," alisema, "haimpigii mtu magoti."

Watu wakacheka. Mimi nilidhani ni mzaha. Nilikuwa bado simfahamu vizuri.

Tukaihamishia Ihanda, kwenye banda alilokuwa akimenyea kahawa, nyumbani kwa mama yake. Huko ndiko nilikoishi miezi ile, na siwezi kudanganya, nilikuwa na furaha kama mbuzi aliyeingia shamba la maharage. Asubuhi ukungu, mchana harufu ya rezini, jioni kande za huyo mama yake, ambaye mimi nilimwita bibi. Bibi alikuwa mtu wa Ileje, wa milimani kabisa. Alinisalimia kwa Kindali kila siku, na kila siku nilimjibu vibaya, akafurahi. Magoti yake yalikuwa yamekufa. Tangu yafe hakuwahi kurudi kwao, kwa sababu kwao hakufikiki bila kupanda mlima kwa miguu.

"Mwanangu kasema ataiendesha mwenyewe, mimi nitakaa kiti cha nyuma," aliniambia. "Siku ya kwanza kabisa. Nitaiona Ileje kwa juu, kama Mungu anavyoiona."

Hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kuingia mchanga. Maana mwanawe alikuwa anairekebisha ndege.

Alianza na faiba. Kwenye michoro, ukishapaka rezini unaikamua kwa kipande cha plastiki hadi kitambaa kibaki kimelowa tu, kwa sababu nguvu iko kwenye kitambaa, rezini ni gundi. Bosi akasimama juu yangu. "Mwaga, dogo! Faiba inywe ishibe! Unataka watu waseme ndege ya fulani ina njaa?" Ukanda wa kuungia bawa ukashiba ukawa mnene kama digadi la lori. Akaambiwa injini inayotakiwa ni ndogo, akafunga ya pikapu yake, kwa sababu pikapu ile alishaisifia mbele za watu. Akaweka honi. Akaning'iniza raba za matope nyuma ya magurudumu, zimeandikwa WENYE WIVU MTEMBEE. Nilimuuliza kwa heshima zote matope ya angani yanatoka wapi. Akaniambia nisome hali ya hewa.

Halafu akafika kwenye magoti. Mguu wa mbele akauchomelea chuma usikunjike tena. Betri, ambayo kwenye michoro ilikaa puani ili kusawazisha uzito wa injini, akaihamishia mkiani "ili pua ipate nafasi ya kujivuna." Mdomoni mwake maneno hayo yalitoka bila aibu. Tulipoiachia ndege ikaanza kwenda kitako polepole, kama mlevi anayetafuta kiti. Tukaidaka. Badala ya kurudisha betri, bosi akaleta mfuko wa saruji akauketisha kwenye kiti cha rubani, akaufunga mkanda. Ndege ikasimama, pua juu, na saruji ndiyo rubani. Nadhani ndiye rubani pekee mwenye busara iliyepata kuwa naye.

Nilimfunulia ule ukurasa wa misalaba. "Bosi, ikiwa hivi angani, pua haitashuka. Tutampoteza bibi."

"Wazungu hao," alijibu, "nyumbani kwao mtoto anamwita baba yake kwa jina. Wewe unaniletea adabu zao?"

Sasa jibu gani hilo! Nimeligeuza miaka na miaka, juu chini, sijapata pa kulishika.

Nikamwendea bibi. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia asipande.

"Wewe ungepanda?" akaniuliza.

"Kama ilivyochorwa, Bibi, ningepanda leo hii. Bila kiatu."

"Na hivi ilivyo?"

Niliokota kijiwe kwenye maharage yake. Akarusha ungo, makapi yakaruka, akapuliza.

"Mjukuu wangu, huyu nimemzaa mimi. Nikikataa kupanda mbele za watu, ataruka peke yake kwa hasira. Na mwenye hasira harudi. Nikiwa nyuma yake, labda ataogopa."

Sikumeza kande usiku ule, na kande za bibi hazikuwa za kuachwa.

Siku ya uzinduzi wakafunga kipande kilichonyooka cha barabara ya changarawe iendayo Itaka. Kamati ilikuwepo, maana hapa kwetu watu watatu wakisimama pamoja kamati imeshazaliwa. Walikuwa na fulana. Kulikuwa na mshereheshaji aliyeijaribu spika kwa kuhesabu moja mbili, moja mbili, hadi nikahofia hajui tatu. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja ambaye cheo chake nitakiacha kipumzike, alichelewa kama inavyompasa mgeni rasmi. Na bosi alivaa suti nyeupe. Juu ya changarawe, karibu na injini inayovuja oili, suti nyeupe.

Alipoambiwa msafara unakaribia akaishtukia saruji. "Toeni hiyo takataka! Mgeni rasmi akute ndege yangu imebeba mfuko?" Utingo wawili wa malori yake wakautoa, akawaamuru waikandamize pua kwa mikono mpaka yeye apande. Michoro ilisema rubani ndiye atangulie, wa nyuma afuate. Lakini pale kila mtu akasema wazee kwanza. Mwanakamati mmoja alinisukuma nilipotaka kupinga: "Kijana, utamtanguliaje mama kwenye chombo?" Wakampandisha bibi juu ya kreti la soda, wakamkalisha kiti cha nyuma. Nilimfunga mkanda mwenyewe.

"Usinibane," alisema. "Nataka kugeuka niangalie kushoto. Ileje iko kushoto."

Gari la mgeni rasmi likasimama. Akashuka, tumbo likitangulia, akaja moja kwa moja puani mwa ndege kusalimia. Na wale utingo wawili walikuwa vijana waliolelewa. Mkubwa amesimama mbele yao, anawapa mkono. Wafanyeje? Waliachia pua, wote wawili kwa pamoja, wakachuchumaa, wakapiga makofi ya heshima.

Ndege ikanyanyua pua mbele ya mgeni rasmi bila haraka, kama jogoo anayetaka kuwika. Nilikimbilia kibawa cha mbele, kikanipita vidoleni. Mkia ukashuka. Pangaboi lililia krrak dhidi ya changarawe, kipande chake cha mbao kikaruka mpaka kwenye meza ya soda. Kreti likapondwa chini ya bawa. Halafu honi ikajipiga yenyewe, na haikutaka kunyamaza.

Mshereheshaji akasema kwenye spika, "Naam, ndugu wananchi, imeanza kupaa."

Nilipanda bawani nikiwa sina pumzi. Bibi alikuwa amelala chali kitini, miguu juu, leso imemfunika jicho moja. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Kumbe kuruka ndiyo huku?"

"Bado, Bibi. Na leo hakuna tena. Pangaboi limevunjika."

Aliniangalia kwa lile jicho moja, kisha akafumba. "Basi ashukuriwe Mungu," alisema polepole, akaanza kujifungua mkanda.

Bosi alifika anapiga kelele, anawatukana utingo, ananitukana mimi, anasema itarekebishwa kesho, atafunga pangaboi la chuma. Hakuuliza kama mama yake ameumia. Bibi akamwacha amalize. Kisha akatoa mguu wake mmoja mbovu nje ya kioo, ukaning'inia hewani, maana kreti halikuwepo tena.

"Baba," alimwita, kama tunavyowaita wana wetu tukitaka wasikie. "Mimi nashuka. Piga magoti nikukanyage."

"Mama, subiri waniletee kiti."

"Nimesema piga magoti."

Mgeni rasmi alikuwa anatazama. Kamati na fulana zao walikuwa wanatazama. Bosi aliangalia huku na huku kama anayetafuta kitu cha kuchomelea. Halafu alipiga magoti, kwenye changarawe, karibu na ile oili, akainama hadi mgongo ukawa sawa. Nilimshika bibi kwapani. Akamkanyaga mwanawe katikati ya mgongo, akasimama hapo kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyohitaji, akaangalia kushoto, akashuka.

Hakuna aliyemwambia bosi kuhusu suti. Alizunguka na unyayo wa mama yake mgongoni mchana wote, akigawa pilau na kueleza marekebisho.