Mti Aliokuwa Akiutazama Kaka

Wifi yangu ana ugonjwa wa kuuliza. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ya foleni, atataka kujua foleni ilianzia wapi, gari la mbele kabisa lilisimama kwa nini, na wewe ulikuwa unafanya nini muda wote huo. Kwa miaka ishirini na sita alisambaza barua kwa miguu, mlango kwa mlango, na nadhani huko ndiko ugonjwa ulikomkolea. Mimi nina ugonjwa mwingine, wa kusema kabla ya kuuliza, na ndio ulionifanya nimwite kaka yangu mvivu mwaka mzima wakati pumzi inamwishia. Haya ninayosimulia ni ya wifi na ya pumzi hiyo, na jinsi alivyoigundua akiwa anachunguza jambo jingine kabisa.

Alipostaafu posta, ofisi ya wageni ya jiji ilimpa mkataba wa kuandaa kijitabu cha matembezi mafupi. Jiji letu ni kubwa, lakini pembeni kuna vilima na misitu midogo, na kuna wageni wenye nusu siku tu mkononi: mtu amemaliza mkutano saa sita na ndege yake ni ya jioni, au mama amekuja kumwona mwanawe chuoni na mwanawe yuko darasani. Hao hawataki kupanda milima. Wanataka kuona miti kidogo na kurudi bila malengelenge. Wifi alichagua njia nane, zote rahisi, zote zinaanzia kituo cha basi, akazitembea na kuandika kila kitu: unashukia wapi, kivuli kiko upande gani, choo kipo au hakipo, mbwa wa nyumba ya kona hufungwa saa ngapi, na kutoka mwanzo hadi mwisho ni dakika ngapi.

Njia ya kilima chenye tangi la maji aliiandikia dakika thelathini na tano. Kijitabu kikachapwa, na haikupita miezi miwili malalamiko yakaanza kuingia. Mtu na mkewe, watu wazima, walikosa treni kwa sababu dakika thelathini na tano zilikuwa sabini. Mkuu wa ofisi ni bwana mpole ambaye huvua miwani anapotaka kukaripia. Akamwita, akavua miwani.

"Mama, hizi dakika ni za nani?"

Mwingine angenuna. Wifi alirudi macho yanamng'aa, akapita mlango wake wa ghorofa ya chini bila kuufungua, akapanda moja kwa moja mpaka kwangu ghorofa ya tatu.

"Wifi, hebu fikiria. Dakika zangu si dakika za watu. Sasa za watu zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda matumboni mwao," nikamwambia. "Watu siku hizi wanene. Andika sabini, ulale."

Hakulala. Wiki nzima alikuwa akishuka kituo cha mwisho na kuwafuata wageni kwa mbali, mkononi ana ramani ya njia ile na kalamu nyeusi. Kila mtu aliposimama, alitia kitone na kuandika dakika. Jioni alinisomea matokeo kama mtu aliyepewa siri za serikali. Kwenye daraja la mbao watu husimama dakika nne, ingawa chini ya daraja hakuna maji. Kwenye jiwe lililopasuka hupigana picha, na lazima mmoja ajibane kwenye ule ufa. Juu, kwenye tangi, kila mgeni bila kukosa hunyoosha kidole kuitafuta hoteli yake, na wengi huonyesha siyo. Kati ya daraja na jiwe kuna mwinuko mrefu wa kupanda polepole, miti kulia na kushoto, na hapo hapakuwa na kitone hata kimoja. Hapo watu hupita tu.

Lakini wageni hawakumtosha. Kila siku wanakuja wengine, na miguu mingine. Alitaka mguu mmoja, usiobadilika, upite njia ileile kila Jumamosi asubuhi, ili ajue jua linaongeza kiasi gani na matope yanaongeza kiasi gani. Mguu ulikuwepo nyumbani kwake, umenyooshwa juu ya stuli.

Kaka yangu ni fundi wa funguo. Anakaa kwenye kibanda kidogo sokoni, mashine mbele yake, vitasa vimening'inia nyuma yake, na kwa miaka hajasimama zaidi ya kumrudishia mtu chenji. Ana maneno matamu, wateja wanampenda. Ila tangu mwaka uliotangulia alikuwa ameacha kunitembelea. Ghorofa tatu tu za ngazi, hapandi. Kama kuna jambo, anamtuma wifi. Nilikuwa nimemkasirikia sana na sikumficha. "Kaka amekuwa mvivu kuliko paka wa duka," nilisema mbele ya watoto wake, na watoto wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Basi wifi alipomwomba miguu yake, nilifurahi. Nikasema sasa ndiyo atanyooshwa. Kaka alizungukazunguka, mara mgongo, mara kuna mteja muhimu, mwisho akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu kukataa kungemletea maswali, na nyumba ile maswali yake unayajua.

Jumamosi ya kwanza walitumia dakika sitini na mbili. Wifi alifurahi, akasema hizi ndizo dakika za watu. Jumamosi ya pili sitini na sita, na hali ya hewa ilikuwa nzuri. Ya tatu sabini na moja. Ya nne, karibu themanini.

"Anaringa huko njiani," nikasema.

"Anatazama mti," akasema wifi.

Nikamuuliza mti gani, akaniambia hilo ndilo linalomshughulisha. Kaka hakusimama sana darajani, na jiwe hakulijali. Alisimama pale kwenye mwinuko ambako hakuna mtu anayesimama. Anaweka mkono kiunoni, anainua uso, anatulia. Akiulizwa vipi, anajibu, "Natazama mti, mke wangu. Wewe na saa yako hutazami kitu." Anamaliza kutazama, anaendelea, anasimama tena mbele. Wifi alikuwa ameanza kutia kitone chekundu pale kaka anaposimama mara ya kwanza. Na yale maneno yalikuwa yamemwingia. Miaka ishirini na sita ya kutembea, alisema, na kweli hakuwahi kusimama kutazama kitu. Barua zilikuwa mkononi. Huenda mume wake alikuwa anaona jambo ambalo yeye limempita maisha yake yote. Alilisema hilo kwa wivu kidogo, na mimi nikamcheka.

Jumamosi ya sita zilikuwa dakika tisini na saba. Jumatatu yake wifi akaenda kule peke yake, na ramani.

Aliyoyafanya huko alinieleza siku hiyohiyo. Alianza na kitone chekundu cha Jumamosi ya kwanza, kilicho karibu na jiwe. Akasimama, mkono kiunoni, akainua uso. Matawi. Akakumbuka kwamba kaka ni mrefu kuliko yeye, akatafuta gogo, akapanda juu yake. Matawi yaleyale. Alikagua mti mmoja mmoja. Aliona msumari uliopigiliwa na mtu zamani, safu ya siafu, mfuko wa plastiki wa bluu ulionaswa juu. Akashuka kitone cha pili, cha tatu, kote hivyohivyo, na gogo lake analikokota. Wageni wawili walimpita, wakamsalimia, wakatazama juu na wao, wakaenda zao. Saa moja na nusu aliitumia kuutafuta mti wa mume wake.

Alipofika kitone cha sita alikuwa karibu na daraja. Hapo ndipo alipogeuka akatazama alikotoka, na akaacha kutazama juu. Vitone vilikuwa vimeteremka. Kila Jumamosi, kituo cha kwanza cha kaka kilikuwa chini ya kile cha wiki iliyopita, na alipohesabu hatua alikuta ni zilezile, sabini, sabini na tano, kana kwamba kuna mtu anayemrudisha nyuma kwa kipimo.

Alikuja kwangu akakaa jikoni, gogo limemchafua sketi yote.

"Wifi," akasema, "nilipokuwa posta kulikuwa na bibi mmoja nampelekea barua za mwanawe. Nikigonga, nahesabu. Nikifika kumi, anafungua. Baadaye ikawa kumi na tano. Ikawa thelathini. Na kila siku ana sababu: alikuwa na sufuria motoni, alikuwa anafua, hakusikia. Sababu zote nzuri. Siku moja nikahesabu mpaka mia mbili, nikaita majirani."

 Na mimi nikaanza kuhesabu. Mara ya mwisho kaka kupanda kwangu ilikuwa siku ya kuhitimu kwa binti yangu, na siku hiyo alisimama kwenye ngazi za ghorofa ya pili akisoma namba za milango, tena kwa sauti, kwa utani, akitusifia jengo. Nilikuwa nimesimama juu namngoja, mikono kiunoni, namwambia chakula kinapoa.

Tukashuka. Kaka alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya stuli. Wifi hakumzungusha.

"Baba watoto, nimekwenda kuutafuta ule mti. Nimesimama saa moja na nusu. Sijauona."

Akashusha miguu kutoka kwenye stuli.  Akasema, "Umesimama saa moja na nusu?"

"Na gogo, ili nifike urefu wako."

Akatazama sketi ya mkewe, akatazama sakafu. "Basi twendeni huko hospitali mnakotaka," akasema, "ili mnipe amani."

Usidhani hapo alikuwa amekubali. Mbele ya daktari, dada mmoja kijana mwenye sauti ya taratibu, alirudi kuwa yuleyule wa sokoni. "Mimi mzima, daktari. Mgonjwa ni mke wangu, anapima watu." Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, mbele na nyuma, akamwambia moyo una mlango wa kupitishia damu ambao huenda umekaza, na kwamba kama ni hivyo itabidi apasuliwe. Akauliza imeanza lini. Kaka akasema wiki iliyopita labda, uchovu tu. Wifi akatandika ramani mezani. Daktari akaiangalia, akamwangalia mwenye ramani, kisha akasema kuna kipimo anataka kifanyike kabla ya mengine. Kutembea dakika sita.

Kipimo hicho hakina mashine. Ni korido, koni mbili za plastiki, na muuguzi mwenye saa. Mgonjwa anakwenda na kurudi kwa mwendo anaoweza, akichoka anasimama, na anaruhusiwa kusimama mara nyingi apendavyo. Ndugu wanakaa kwenye benchi na hawasemi neno. Muuguzi alimtazama wifi aliposema hivyo. Nadhani alikuwa ameonywa.

Kaka akaanza. Alikwenda kwa kasi ambayo sijamwona nayo mwaka mzima, kifua mbele, mikono inapiga, na alipopita benchi letu akanikonyeza.  Nilimwelewa ndugu yangu: alikuwa anaogopa kisu, na alikuwa anakwenda kudanganya kwa miguu kama alivyotudanganya kwa mdomo. Alikuwa radhi kufa na tai shingoni. Nilitaka kupiga kelele, lakini wifi alinishika goti. Yeye alikuwa na saa yake, na kwa mara ya kwanza sikumwona akiitazama. Alimtazama mume wake tu.

Akazunguka koni ya kwanza. Akarudi. Akazunguka ya pili. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Katikati ya korido, mbali na sisi, akasimama. Akaweka mkono kiunoni. Akainua uso kuelekea ukutani, na ukuta ule ulikuwa mtupu, una swichi ya taa basi.

Muuguzi akamsogelea. "Vipi, baba?"

"Natazama..." akasema kaka, na hakumaliza. Aligeuka akatutafuta kwenye benchi. Sijui aliona nini usoni mwa mke wake. Wifi hakufanya ishara yoyote, alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anangoja kama alivyokuwa akingoja kwenye milango ya watu.

"Hakuna mti," kaka akasema. Alisema kwa sauti ya kutosha sisi kusikia. "Nimechoka. Kule kilimani pia nilikuwa nimechoka. Nimechoka tangu mwaka jana, na naogopa."

Muuguzi akabonyeza saa, akaandika mita, akamwita daktari. Upasuaji ulikuja baadaye na ulikwenda vizuri, lakini mimi ninapokumbuka mambo haya nakumbuka korido ile. Nilijua kwamba kuna neno mvivu ambalo sitaweza kulirudisha mdomoni. Niliinuka nikamkimbilia ili nimshike mkono, na nilipofika, mkono wa karibu ulikuwa umeshikwa tayari na wifi, ikabidi nizunguke upande wa pili.