Niliipigia Sabuni Jante ya Hatari

Nimekosa. Nalisema hilo kwanza, kabla sijaanza kutafuta maneno ya kujitetea, kwa maana najijua, maneno sikosi.

Mimi ni mama wa mtaa wa Kadutu, nauza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni. Nyumba zetu zimebanana mlimani, na watu wa avenue yetu walinichagua kuwa rais wa kamati ya tahadhari. Walinichagua kwa sababu ya sauti. Muuza samaki asiye na sauti hurudi nyumbani na samaki wake.

Kamati hiyo ilianzishwa na shirika moja la nje, baada ya mvua kuporomosha udongo wa mlima na kubomoa nyumba kadhaa za jirani. Walitundika jante ya lori, lile duara la chuma la gurudumu, kwenye mkaratusi ulio karibu na mlango wangu, wakanipa chuma cha kuigongea na jile, kizibao cha rangi ya machungwa. Somo lenyewe lilikuwa fupi. Jante ikilia mfululizo, acha kila kitu, panda mpaka uwanja wa shule. Usibebe sufuria, usirudi kufunga mlango. Tulifanya mazoezi, na hata vikongwe walipanda, wengine wakibebwa mgongoni. Siku hiyo nilijiona mtu.

Halafu ikaja siku ya wageni.

Msimamizi wa mradi alinipigia simu asubuhi. Watu wa ng'ambo wanaotoa msaada walikuwa njiani, wanataka kuonana na wananchi. Gari lao lisingeweza kupanda kwetu. Lingeishia kwenye kiwanja kidogo cha chini, kando ya korongo, mahali pekee palipo tambarare.

"Maman Président," akaniambia, "wageni bakifika bakose batu, hii mradi itaenda mu avenue ingine."

Kwa kawaida ningezunguka nyumba kwa nyumba na kipaza sauti. Lakini betri zilikuwa zimekufa, na vijia vyetu mnavijua, ukishuka mara moja magoti yanalalamika wiki nzima. Nikaitazama jante. Nikachukua chuma, nikagonga.

Watu walitoka mbio na kuanza kupanda, kama tulivyofundishwa. Nikasimama njiani nikiita, "Mushuke, mushuke! Hakuna udongo, ni wageni! Beko na sabuni!" Wakacheka, wakageuka, wakashuka. Kila nyumba ilipata sabuni, wageni wakapiga picha, msimamizi akanipa mkono mbele ya wote.

Tangu hapo kazi yangu ikawa nyepesi. Bâche, yale maturubai, zimefika, nagonga jante. Ndoo zimefika, nagonga. Wamekuja kuandika majina tena, nagonga. Baada ya muda hakuna aliyeuliza kuna nini. Mtu akisikia jante alichukua beseni na jeton yake, kile kikaratasi cha kupokelea msaada, akashuka kiwanjani kupanga mstari.

Mtu mmoja tu alinionya. Papa Bahati ni mwashi mstaafu, nusu ya kuta za avenue yetu alizijenga yeye. Alinikuta bombani, akina mama wakisubiri maji.

"Maman," akasema, "uko unapiga jante ya sabuni. Siku ya udongo utapiga nini?"

Ningemjibu kwa heshima. Lakini kulikuwa na watu wa kuwachekesha. "Papa, kama hautaki sabuni sema tu. Sasa tunajua juu ya nini unanuka sementi." Akina mama walicheka mpaka ndoo ikamwagika. Papa Bahati naye akatabasamu kidogo, akaenda zake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika si langu.

Nilikuwa na rafiki, Maman Neema. Tuliuza kwenye meza moja tangu kabla ya kuzaa. Mgongo ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo kila msaada ulipokuja alifika wa mwisho na kupewa ndoo iliyopasuka. Alikuwa halalamiki, lakini mimi iliniuma. Siku moja nikamwambia pembeni, "Dada, ukisikia jante, usingoje mutu. Kimbia ukuwe wa kwanza, miye nitakuweka mbele."

Akanishika mkono. "Aksanti, dada. Weye njo ndugu yangu."

Sasa sikilizeni jinsi ilivyokuwa.

Mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya tatu, kama saa tisa mchana, Papa Bahati alinipigia simu. Alikuwa juu, kwenye nyumba iliyo kichwani mwa korongo. Ukuta ulikuwa umepasuka, na maji mekundu yalikuwa yanatoka chini ya msingi. Sauti yake haikuwa na haraka. "Maman, piga sasa."

Nikapiga. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka. Milango ikafunguka, watu wakatoka, na moyo wangu ukatulia kidogo. Halafu nikaona mabeseni. Walikuwa wameyafunika vichwani wasilowe, na walikuwa wanashuka.

Nikaita, "Mupande juu! Juu!" Mvua ilikuwa inapiga mabati, na ile sauti iliyonipa urais haikufika hata nyumba ya pili. Wengine walinipungia mkono. Walidhani nawahimiza.

Nikatupa chuma, nikashuka nikianguka na kuinuka. Papa Bahati alikuwa amenitangulia kwa kijia kingine. Alisimama pale njia inapobanwa na kuta mbili, mikono ameitanua, anawasukuma watu kwa kifua warudi. Walimtukana. Mmoja alimpiga na beseni. Wote aliowazuia wako hai, na wengine wananunua sambaza kwangu mpaka leo.

Maman Neema alikuwa amekwisha kupita. Nilimwona kwa chini, na beseni lake la buluu, anakwenda haraka na mgongo ule mbovu. Alikuwa wa kwanza, kama nilivyomwambia.

Udongo ulishuka kwa sauti ya lori linalomwaga mawe. Tulimpata kesho yake.

Mngedhani nilisema ukweli hapo. Sikusema. Watu wa shirika walikuja na kuniuliza kama jante ilipigwa. Nikajibu, "Ilipigwa kwa wakati." Si uongo, na ndiyo maana maneno hayo yalikuwa rahisi kuyatamka. Wakaandika kwamba avenue yetu ni mfano. Wakanipeleka kwenye ukumbi mmoja kando ya ziwa niwaeleze kamati nyingine tulivyofanya. Nilipigiwa makofi, nikapewa brevet, cheti chenye muhuri, nikala kuku. Nilimmaliza.

Huku sokoni maneno yalikuwa mengine. "Yule maman, tamaa ya sabuni njo ilimuua." Nimeyasikia kwa masikio haya. Niliwasikia wakisema kwamba jante ililia, rais akapiga kelele, yeye akakimbilia bintu vya bure. Nikaendelea kupanga samaki.

Siku hizi Neema, binti yake, anakaa mahali pa mama yake kwenye meza yetu. Yeye pia anayasikia. Juzi aliniuliza, bila kunitazama, "Maman, ni kweli mama alikuwa anapenda bintu vile?"

Mnajua nilimjibu nini? "Panga sambaza, muteja anakuya."

Brevet nimeigeuza ukutani, lakini najua iko pale. Papa Bahati ananisalimu kama zamani, hajawahi kunikumbusha maneno ya bombani, na afadhali angenitukana.

Ninyi mlio kwenye kamati kama zetu, na ninyi mnaoleta msaada, nawasihi. Wageni wakichelewa, wachelewe. Betri zikifa, pandeni na kushuka vijia kwa miguu, magoti yatapona. Kitu mlichopewa kuokolea watu msikitumie kuwaitia watu jambo jingine hata siku moja, hata kama jambo lenyewe ni jema. Sabuni ni jambo jema. Na mzee akikuonya mbele ya watu, meza kicheko chako.

Nimeandika hapa kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Kesho asubuhi, kabla hatujafungua ndoo za samaki, nitamwambia Neema. Akitaka kuhama meza, ahame. Akitaka kuniita nilivyo, aniite mbele ya soko zima, sauti anayo, amerithi kwetu wawili.

Lakini ajue, na soko lijue. Mama yake hakuwa na tamaa. Alishuka kwa sababu nilimwita.