Stephania na Bomba la Bi Dunia

Mwaka 1972 Bi Dunia aliposema anataka maji ndani ya nyumba yake, mtaa mzima wa Buzebazeba ulizijua habari kabla fundi mwenyewe hajaambiwa. Dunia alikuwa mjane na mfanyabiashara wa dagaa, wa ukoo uliovuka ziwa kutoka Kongo zamani za bibi zake. Alfajiri alikuwa mwaloni Katonga kununua, mchana alikuwa anaanika, na kila Jumatatu magunia yake yalipanda treni. Alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na sasa alitaka koki jikoni na nyingine bafuni. Ndugu zake walimshauri aagize fundi kutoka Tabora. Akakataa.

"Fundi yuko hapa hapa, mlango wa nne," alisema. "Likiharibika nitajua pa kumkuta."

Mlango wa nne alikaa Feliksi. Kazi ya mabomba alijifunza kwenye reli, enzi za mkoloni, na baada ya Uhuru akaendelea kwa mkono wake mwenyewe. Ndiye aliyeingiza maji nyumba ya masista, akawafungia na lile bomba jembamba la gesi la jiko lao. Kila baada ya miezi mitatu alikwenda kulikagua kwa povu la sabuni, akipaka kila kiungo na kuangalia kama povu linavimba.

Mkewe, Stephania, alikuwa mtu wa kijiji cha Kidahwe, mama wa watoto watano. Nyumbani kwake hapakuwa na bomba. Alibeba ndoo kutoka bomba la mtaa, safari sita kwa siku, nane akifua. Alipomuuliza mumewe, alijibiwa kwamba vifaa ni adimu, na kipande kikipatikana ni cha mteja. Lilikuwa jibu la kweli, naye alilielewa. Ndoo haikupungua uzito kwa kuelewa.

Siku ya tatu ya kazi kwa Bi Dunia, jirani yake Eufrasia alimsogelea kwenye foleni ya maji.

"Mama Oswald, mumeo anapewa chai kwenye vikombe vya maua."

"Kwani fundi hanywi chai?"

"Anywe. Mimi nasema tu nimemwona anavyocheka."

Stephania alijitwika ndoo yake akaondoka. Njia nzima alijaribu kukumbuka mara ya mwisho Feliksi kucheka nyumbani. Hakuikumbuka.

Kesho yake Feliksi alisahau fungu la katani, zile nyuzi za kuzungushia meno ya bomba ili yasivuje. Stephania alilichukua ampelekee. Alipofika kwenye ukuta wa ua alisikia sauti ya mumewe, akasimama.

"Hapa linapanda, Bi Dunia, na hapa linapinda. Ukilipinda kwa ghafla maji yanaishiwa nguvu. Ndiyo maana nimeweka kona mbili, sikuweka moja."

"Ehee," alisema Dunia.

"Na kule mwisho nitaweka koki ya kufungia maji yote, ili siku ukitaka kubadilisha kitu usihangaike."

Hakuna neno baya lililosemwa pale. Lakini Stephania hakuingia. Maneno yale aliyafahamu. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, kabla ya Oswald kuzaliwa, yeye ndiye aliyekuwa akishika bomba Feliksi akikata meno. Feliksi alieleza kila alichofanya, naye alijifunza kuzungusha katani kufuata meno, kupaka rangi nyekundu juu yake, kukaza bila kupasua kiungo. Kisha wakaja watoto, na mazungumzo yakabaki ya unga na sare za shule. Alidhani Feliksi ameishiwa maneno. Kumbe anayo, ila anamtolea mtu mwingine.

Aliiweka katani juu ya ukuta akarudi bila kubisha hodi.

Ijumaa mchana alirudi tena. Dunia alikuwa Katonga, Feliksi alikuwa amekwenda kwa masista kuazima kifaa. Shangazi yake Dunia, bibi wa miaka mingi, alikuwa amelala kwenye mkeka barazani. Vyombo vya kazi vilikuwa ndani ya stoo, ambako bomba lilipita juu ya magunia ya dagaa. Stephania aliokota spana, akaishika kama alivyofundishwa, akalegeza kiungo mzunguko mmoja. Kisha akaisawazisha rangi kwa kidole. Alifanya bila haraka, kama mtu aliyetumwa kazi. Baadaye alisema hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Jumamosi saa nne asubuhi watu walikusanyika uani kwa Dunia kuyaona maji. Alikuwapo hata Mzee Martini, balozi wa nyumba kumi. Dunia alifungua koki ya jikoni, maji yakatoka, wanawake wakapiga vigelegele. Havijaisha vizuri, kishindo kikasikika stoo. Kiungo kilikuwa kimeachia, na maji yalikuwa yanamwagika moja kwa moja juu ya magunia yaliyongoja treni ya Jumatatu.

"Dagaa wangu!" Dunia alipiga kelele. "Fungeni! Dagaa wangu jamani!"

Feliksi alikimbia kufunga koki kubwa, kisha akaingia stoo. Alipiga magoti majini akakipapasa kiungo kwa kidole. Alipotoka, macho yake yalipita juu ya watu wote yakamkuta Stephania amesimama karibu na lango.

"Ni kosa langu," alisema. "Sikukaza."

"Fundi gani hakazi?" Dunia alimjibu mbele ya wote. "Niliambiwa niagize Tabora, nikakutetea wewe!"

Kazi ilisimama. Habari zilifika Ujiji kabla ya jioni. Waliokuwa wamemwomba Feliksi aende kwao walianza kusema wamebadili mawazo, na masista nao walituma neno kwamba watamwita wakimhitaji. Wiki tatu alikaa kibarazani akisafisha spana zilizokuwa safi. Stephania alipika, mumewe alikula, akasema ahsante. Stephania alingoja kupigwa, akangoja kufukuzwa. Hakuna kilichokuja.

Mwishowe hakuweza kuvumilia tena.

"Baba Oswald, ni mimi."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Pale pale. Rangi ilisawazishwa kwa kidole gumba, kutoka chini kwenda juu. Nani mwingine hupaka hivyo? Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niwaambie watu mke wangu kaharibu kazi yangu?" Aliweka spana chini. "Unadhani nina jambo na yule mama?"

"Sidhani." Hapo ndipo Stephania alipolia. "Unamweleza mabomba. Mimi miaka kumi hujanieleza kitu."

Feliksi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

Asubuhi Stephania alikwenda peke yake kwa Dunia, akamkuta anapepeta dagaa, akasema yote akiwa amesimama. Dunia aliacha ungo.

"Kwa ajili ya mumeo?"

"Kwa ajili ya mazungumzo yenu, Bi Dunia."

"Mazungumzo gani? Yule mtu alinieleza mabomba mpaka kichwa kikaniuma! Chai nilimpa ili anyamaze."

Stephania alitamani kucheka akashindwa. Aliona wivu upya, mkali kuliko wa kwanza: mwenzake alipewa kile alichokikosa yeye, na wala hakukitaka.

Dunia hakumsamehe siku ile. Alisema atasamehe Stephania akiyarudia maneno hayo mbele ya Mzee Martini na watu wale wale. Jumamosi iliyofuata aliyarudia, macho chini. Wengine waligeuza nyuso, wengine walicheka, na kwa miaka mingi watoto wa mtaa walimwita Mama Spana. Lakini jina la Feliksi lilisafishika, na Dunia akamwita amalizie kazi kwa sharti moja.

"Uje na mkeo. Yeye ndiye akae akusikilize. Mimi nina kazi."

Walikwenda wote wawili. Siku ya kwanza walifanya kazi bila kusemezana, yeye akishika bomba, mumewe akikata. Siku ya pili Feliksi aliuliza kama anaikumbuka kona ya namna ile. Stephania alikuwa akiikumbuka vizuri sana.

"Nimesahau," alisema. "Hebu nieleze."