Jina moja kwenye library mbili, na jinsi nilivyomponza Barasa

Habari za Jumapili wakuu. Hii sijaitia chumvi, na aibu yote ni yangu.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Kitale, naandika programu za Linux. Rafiki yangu Barasa alikuwa Kanduyi, Bungoma. Tulifundishwa na mwalimu mmoja, tukatoka na mazoea yaleyale.

Ghala moja la mahindi Bungoma likatupa kazi. Mimi niliandika library ya mizani, yaani fungu la code ambalo programu nyingine huliita, Barasa akaandika ya kipima unyevu. Kila moja peke yake ilikuwa sawa. Kuzikagua kabla ya kuziunganisha ilikuwa kazi yangu.

Sikukagua. Niliona zime-compile, yaani kompyuta imezikubali bila kulalamika, nikaridhika.

Siku ya kwanza, nikiwa hapo ghalani, mashine ya kupima ikakataa mahindi ya mama mmoja wa Tongaren, ati yana maji. Alikuwa ameyaanika wiki mbili. Akanipa punje.

"Uma hii," akasema. "Hii mahindi imekauka, bana."

Nikauma. Ilikuwa kavu kabisa, hata jino liliniuma.

Meneja akauliza kosa ni la nani. Unyevu ni wa Barasa, kwa hivyo nikamtaja Barasa. Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo, na mama akarudi nyumbani na magunia yake.

Niliporudi Kitale roho haikutulia. Nikaandika nm -D, amri inayoorodhesha majina ambayo library inayaacha wazi kwa programu nyingine. Nilikusudia majina matatu tu. Yangu ilikuwa imemwaga zaidi ya thelathini.

Moja lilikuwa rekebisha. Nikaangalia ya Barasa: rekebisha. Ndivyo mwalimu alivyotuzoesha kuita kila function, yaani kipande cha code, ya kusahihisha kipimo.

Yangu ilipakiwa kwanza. Basi library ya Barasa ikiita rekebisha yake, inaitika yangu, na unyevu unasahihishwa kwa hesabu za mizani.

Dawa ilikuwa kuongeza neno static mbele ya jina, libaki ndani. Dakika mbili hivi.

Nilimwambia meneja ukweli. Mama akaitwa, mahindi yakapokelewa. Barasa aliitwa pia, akakataa kurudi.

Nilimfuata Kanduyi kuomba msamaha. Akanimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Si ungeniuliza kwanza?"

Alisema hivyo tu. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Siku hizi sitoi library bila kusoma orodha yake, na simtaji mtu kabla sijasoma yangu. Barasa tunasalimiana, lakini kazi hatujafanya pamoja tena.

Kuna mwenye amewahi kumbebesha mwenzake kosa lake? Mlirudianaje? Nauliza kwa sababu nataka kujua.