Begi Nililolikana

Aliyewahi kupanda ndege hata mara moja anajua kushauri. Mimi mshauri wangu alikuwa mchinjaji mmoja wa mjini Meru, Mwislamu, ambaye amekuwa akinunua mbuzi wangu tangu nilipostaafu ofisi ya kilimo huku Siakago. Alikwenda Makka kuhiji, akarudi na mzigo wake wote salama, na tangu hapo ukitaja begi mbele yake umejitafutia kazi ya kusikiliza. Nilimkuta buchani akinoa kisu. Nikamwambia binti yangu amejifungua ng'ambo, na mimi ndiye ninayekwenda kumwona.

"Wewe mzee? Si hiyo ni mambo ya akina mama?"

"Mama yake hayuko tena."

Akaweka kisu chini. "Pole sana. Basi sikiza mzee wangu. Begi nyeusi kila mtu ako nayo, kwa hivyo funga kitambaa. Jina na namba ya simu uandike mara mbili, moja nje, moja ndani, juu ile ya nje inaweza toka. Ile stika unapewa kwa kaunta usitupe. Dawa zako zikae kwa mkono. Na kabla ufunge zipu, panga vitu zote kwa kitanda upige picha. Ikipotea watakuuliza ndani kulikuwa na nini, na wewe utakuwa umesahau."

Nilicheka. Mtu mzima asahau alichobeba? Lakini nilimwahidi kwamba nitafanya yote.

Sasa, kwetu Mbeere nilikolelewa, baba hana lake katika uzazi wa binti yake. Anaambiwa ni msichana au ni mvulana, anatoa mbuzi, anamshukuru Mungu, anarudi zizini. Haingii chumbani, wala hatajiwi vilivyomo. Marehemu mke wangu ndiye angekwenda, na angebeba kila kitu bila mimi kujua hata uzito wake. Yeye hayupo, basi dada yangu akaja nyumbani kwangu na furushi, akapanga vitu juu ya kitanda changu huku akiimba. Kulikuwa na njahi, yale maharagwe meusi, maana mzazi asipokula njahi huku kwetu atasemekana hana watu. Kulikuwa na unga wa wimbi wa uji, na samli kwenye kopo.

"Kuja upige hiyo picha yako," akaniita.

Nilifika mlangoni na simu mkononi. Juu ya njahi nikaona nguo za ndani za mama anayenyonyesha, zile zenye mikanda na vifungo, zimetandazwa kama ziko sokoni. Niligeuka pale pale nikaenda kuangalia mbuzi, ingawa mbuzi hawakuwa na shida yoyote.

"Piga wewe mwenyewe!" nikamwambia nikiwa nje.

"Na simu gani? Hii yangu ni ya tochi, haina kamera!"

Nilipokumbuka karatasi ya jina, zipu ilikuwa imeshafungwa. Niliona haya kuifungua. Begi langu mwenyewe, chumbani kwangu mwenyewe, na hakuna aliyekuwa ananiangalia. Nikaifunga karatasi ile nje kwenye mshikio, kando ya kitambaa chekundu alichofunga dada yangu, nikajiambia inatosha.

Haikutosha. Nilibadilisha ndege njiani, na nilipofika nilisimama mbele ya ule mkanda unaozunguka na mabegi hadi likabaki begi moja la kijani ambalo halikuwa na mtu. Mkwe wangu, aliyekuja kunipokea, alinipeleka kwenye dawati la mizigo iliyopotea. Stika nilikuwa nayo, hilo nilijivunia. Yule mama wa dawati akaniuliza ndani kulikuwa na nini.

Mkwe alikuwa amesimama begani kwangu. Ni kijana wa Kanyakine, upande wa Meru, mwenye adabu, na heshima kati ya mkwe na baba mkwe si jambo la kuchezea.

"Nguo," nikasema.

"Za nani?"

"Zangu. Na unga kidogo."

Tukaacha namba ya simu ya mkwe, tukaenda nyumbani. Binti yangu alinikumbatia kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye ule mwingine, na salamu hazijaisha akauliza, "Baba, begi liko wapi?" Nilimweleza. Hakulalamika. Lakini kila asubuhi aliuliza tena, na mimi nikadhani ni njahi anazozitamani, maana alikuwa akila mkate na supu ya kopo, chakula ambacho huku hata mgonjwa angekirudisha. Nilijiona mzigo. Nilikuwa nimekwenda mikono mitupu kwa mzazi, halafu nikapewa kitanda kizuri.

Jioni moja tukiwa mezani, binti yangu amelala na mtoto chumbani, simu ya mkwe ikalia. Akaiweka spika ili nisikie. Walikuwa na begi jeusi lililobaki kule nilikobadilishia ndege, halina stika, halina jina, halina kitambaa. Walikuwa wamelifungua. Sauti ile, safi kabisa, ikaanza kwa vilivyokuwa juu: nguo za ndani za mwanamke anayenyonyesha, ikataja idadi yake, ikataja na rangi.

Mkwe aliinamia sahani yake. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Je, ni lako?" ikauliza ile sauti.

"Si langu," nikasema. "Mimi ni mwanamume."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilijua ni langu. Sitaki kujificha nyuma ya uzee. Nilijua vizuri kama ninavyomjua mbuzi wangu kwa sauti, na bado nikalikana, mara mbili, mbele ya mkwe ambaye naye alijua. Yeye akakata simu, akaniuliza kama naongeza chai. Usiku huo sikupata usingizi wa maana.

Kesho yake binti yangu alichoka kungoja. Alikaa kwenye kochi kando ya mumewe akinyonyesha, amejifunika shali, akapiga simu mwenyewe, spika wazi kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa na mtoto. Nilinyanyuka ili nitoke nje, akaniambia, "Kaa tu, Baba." Nikakaa. Akataja vitu vyote alivyoambiwa na shangazi yake, nguo zile kwanza, bila kupunguza sauti, kisha njahi, wimbi na samli.

"Na chini kabisa kuna leso," akasema. "Ya zambarau, imeungua kidogo pembeni. Ni ya mama yangu."

Hilo sikulijua. Leso ile ndiyo mke wangu alifungwa tumbo nayo baada ya kumzaa binti huyu, na alama ya moto niliiweka mimi, siku nilipojaribu kupika uji nikaitumia kushikia sufuria. Nilidhani ilikwenda na nguo nyingine tulizogawa baada ya mazishi. Kumbe dada yangu aliiweka.

"Begi hilo tunalo," sauti ikajibu. "Lakini tulipiga simu, na mwenyewe akasema si lake."

Binti yangu alimtazama mumewe. Mumewe akatazama dirisha. Kisha binti yangu akanitazama mimi, na alinitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nilitamani anifokee.

"Ni lake," akaiambia simu. "Alisahau."

Begi lililetwa mlangoni baada ya siku chache. Mkwe alikuwa kazini. Sikuligusa, nililivuta tu hadi chumbani kwa binti yangu nikarudi nyuma hadi mlangoni. Nilimsikia akilifungua, kisha akipiga chafya kwa sababu ya unga.

"Baba, kuja unishikie hapa."

Nilimwambia kwamba mume wake atarudi jioni.

"Mume wangu hajui. Shangazi alisema ivutwe na mtu wa kwetu."

Nikaingia. Alikuwa amesimama amenipa mgongo, leso imezunguka gauni lake, ncha mbili zikining'inia. Nikazishika huku nimefumba macho, nikavuta kidogo, kwa woga.

"Imelegea," akasema. "Mama angevuta."

Nikafumbua macho. Ile pembe iliyoungua ilikuwa kwenye mkono wangu wa kulia. Nikavuta tena, kwa nguvu, nikafunga fundo.