Bustani ya Likuni Iliyotoka Ndogo Kama Kucha

Nilisema "naweza" kabla sijajua kama naweza. Mwalimu mkuu wa shule ndogo ya chekechea huko Likuni, mama wa Kimalawi mwenye sauti ya upole, alikuja kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kununua miche kwangu. Akaniuliza kama ningeweza kumchorea bustani ya shule kwa kompyuta, maana kamati ya wazazi ilitaka kuona ramani kwanza. Kwetu Bukavu nilikuwa nimesoma agronomie, elimu ya kilimo, kwa miaka miwili kabla ya kukimbia. Kompyuta niliitumia kuandika barua za kanisa tu.

"Naweza, Madam," nikamwambia.

"Zikomo," akanishukuru kwa lugha yake, akaniamini. Hilo ndilo lililoniuma.

Kesho yake nikaenda kwenye chumba cha kompyuta hapo kambini. Programu ya kuchora ramani ilikuwemo, ila hakuna aliyeijua. Nikatafuta mafunzo mtandaoni. Video zilikuwa nyingi, zote kwa Kiingereza cha haraka, na mtandao ulikatika kila msemaji alipofika penye jambo lenyewe. Vitabu vya bure vilifundisha nyumba: ukuta, mlango, ngazi. Mti, hapana. Wiki ya pili nikapata somo moja la bustani kwa Kifaransa, kurasa chache, nikalinakili lote kwenye daftari. Miti yake ilikuwa ya nchi za theluji, lakini nilishukuru.

Kilichonishinda ni kipimo: namna uwanja mzima unavyoingia kwenye karatasi. Jirani yangu, mama mshonaji kutoka Fizi, alinikuta mlangoni nimeinamia daftari.

"Baba, iko nini?"

Nikamweleza. Akacheka.

"Mi Kiingereza sijue, lakini hii najua. Hii njo patron, ile karatasi ya kukatia nguo. Unapima mutu mbele, kisha unagawa, unaweka ku karatasi. Ule uwanja, ulishaupima?"

Sikuwa nimeupima. Wiki tatu nilikuwa nachora kwa kukisia.

Hakunicheka tena. Alitoa utepe wake wa kupimia nguo, tukanyoosha kamba ndefu chini, tukafunga fundo kila mita. Na kamba hiyo nikaenda Likuni, na kabla ya kuanza kupima nikamwambia mwalimu mkuu ukweli wote.

"Mbona hukuniambia siku ile?" akauliza.

"Niliogopa ungetafuta mwingine, Madam."

Akavua viatu vyake vya ofisini, akashika ncha ya pili ya kamba. "Tuanzie kwenye bomba la maji," akasema.

Mchoro ulipokamilika niliupeleka mjini, mtaa wa Biwi, kwa mtu wa Bukavu anayechapisha ramani za wajenzi. Karatasi ikatoka kubwa na nyeupe, na katikati yake bustani yangu, ndogo kama kucha.

"Kaka," akasema, "hii bustani umechorea siafu?"

Niliona aibu, lakini yeye alishavuta kiti cha pili. Akanionyesha kwamba kompyuta ilikuwa inahesabu milimita mahali mimi nilipodhani ni mita, na namna ya kurekebisha. Alinifanya nirudie mara tatu kwa mkono wangu mwenyewe, wateja wawili wakisubiri. Muda ule mfupi ulinifaa kuliko video zote nilizohangaika nazo.

Kamati iliikubali ramani. Walifuta kitalu kimoja cha maua ili watoto wapate mahali pa kuchezea mpira, na walikuwa na haki. Mvua zilipoanza tukapanda. Baada ya mwezi mbuzi wa majirani wakala karibu nusu ya maua.

Mwalimu mkuu akanipigia simu, nikadhani ni lawama.

"Unaweza kutuchorea uzio?" akauliza.

Safari hii nilimwambia kwamba uzio sijawahi kuchora, anipe wiki moja nitafute mahali pa kujifunzia.

"Tafuta," akasema. "Kwa sasa tutazungushia miiba."